Koti la Bryson

Shemeji yangu Onesphory aliamua kwamba familia nzima ivae mapazia.

Mwenyewe hakuyaita mapazia. Aliita sare. Alisimama katikati ya sebule ya mama yao, Ilala, akakunjua kitambaa kizito cha rangi ya damu ya mzee chenye maua ya dhahabu makubwa kama sahani, akatangaza kwamba siku ya picha kila mwanamume atavaa koti la kitambaa hicho na kila mwanamke gauni la kitambaa hicho. Fundi ameshapewa kazi, hakuna mjadala. Mimi kitambaa kile nilikuwa nakifahamu kuliko alivyodhani. Kazi yangu ni kuwatolea watu mizigo bandarini, na kontena lililokileta nililitoa mimi. Kilikaa dukani kwake Kariakoo mwaka mzima, wateja wanakishika, wanakisifia, wanaondoka.

"Shemeji," nikasema, "hiki si kile cha mapazia?"

"Hiki ni kitambaa cha Kituruki, shemeji," akanijibu, kama mtu aliyekwisha kufunga mazungumzo.

Naitwa Khalfani, kwetu Lindi. Nilimwoa Victoria, mdogo wake Onesphory na mtoto wa pili wa Mama Mektilda, na ndoa hiyo ya Mwislamu na Mkatoliki iliwachukua ndugu zake muda mrefu kuimeza. Siku hizi wananipenda sana. Wananipenda hasa mzigo unapokwama bandarini.

Picha yenyewe, kwa maelezo rasmi, ilikuwa ya bethidei ya mama kutimiza miaka sabini na tano. Maelezo yasiyo rasmi tuliyajua wote na hakuna aliyethubutu kuyatamka. Mama alikuwa ameanguka kwa kiharusi, mkono wake wa kulia ukapooza na maneno yakawa yanamtoka moja moja. Muda si mrefu baadaye Onesphory akaenda kumzika mfanyabiashara mwenzake wa Kibosho, akarudi na kile kijitabu cha ibada ya mazishi. Kurasa zinang'aa, na nyuma kabisa pana picha ya familia nzima ya marehemu, wamepangika, wanapendeza. Alikikagua kijitabu kile kwa siku kadhaa. Kisha akaanza kutuuliza kwenye kundi letu la WhatsApp kama kuna mtu mwenye picha ya mama akiwa na watoto wake wote. Hakuna aliyekuwa nayo. Basi ndiyo ikawa bethidei.

Hawakuwahi kuwa pamoja wote kwa sababu ya Bryson. Bryson ndiye kitindamimba, yuko Kanada, na tangu aende hajarudi. Kila Desemba anakuja, na kila Novemba kinatokea kitu. Lakini kwa mila za kwao kitindamimba wa kiume ndiye anayerithi nyumba ya wazazi kule kijijini kwao, Kibosho, kwa hiyo Onesphory akasema kwenye picha Bryson lazima awe kuliani kwa mama, begani kabisa, asipokuwepo watu wa Kibosho watauliza maswali. Mtu ambaye hayupo nchini akawa wa kwanza kupewa nafasi.

Wa mwisho kupewa alikuwa Scholastika, tunayemwita Scola. Huyu ndiye mtoto wa tatu. Alikuwa mwalimu wa chekechea. Mama alipoanguka, ndugu walikaa kikao, na kikao kikabaini kwamba Onesphory ana biashara, Victoria ana mume na watoto, Bryson ana Kanada, na Scola ana muda. Hivyo ndivyo Scola alivyoacha kazi akahamia Ilala kumwogesha mama yake, kumlisha uji, kumnyoosha vidole asubuhi na jioni kama daktari alivyoelekeza. Sijawahi kumsikia analalamika, na mara nyingine hilo linaniudhi. Siku ile ya kitambaa alisema jambo moja tu.

"Mimi naomba kwenye hiyo picha nikae karibu na mama. Popote, hata chini, ila karibu yake."

"Scola, hilo tu?" Onesphory akacheka. "Umepata."

*

Mpiga picha aliitwa Sadalla, mwenye studio yake huko huko Kariakoo, bingwa wa kipaimara na send-off. Alikuja kukagua sehemu akiwa na matumaini makubwa. Alipendekeza bustani moja ufukweni, penye majani na miti ya kivuli.

"Majani kila mtu anayo," Onesphory akasema. "Mimi nina ghorofa."

Victoria akataja Jangwani, kwamba mvua zikinyesha panapendeza, kijani kitupu. Mvua zilikuwa zimenyesha kweli, na siku hiyo Jangwani palihitaji mtumbwi. Tukabaki na ghorofa.

Ghorofa lenyewe liko Kariakoo, refu, jembamba, limebanwa na mengine mawili, na juu kabisa bado lina mirunda kwa sababu Onesphory anaongeza. Chini ni duka lake la mapazia ya jumla, lenye vioo vikubwa. Hapo ndipo alipoanzia mama yao zamani, kabla ya ghorofa, akishona mapazia kwa cherehani barazani. Onesphory hupenda kusimulia habari hiyo kwa wageni, akifika kwenye cherehani anatua kidogo ili wageni wasikitike.

"Nataka lionekane lote," akamwambia Sadalla. "Toka chini mpaka juu."

"Mzee, lote haliwezekani. Likionekana lote, nyie mtakuwa wadogo kama punje za mchele."

"Rudi nyuma."

"Nikirudi nyuma naingia dukani kwa watu."

"Basi sisi tusogee mbele."

"Mkisogea mbele mnasimama barabarani, mzee."

Onesphory alifikiri. Ilionekana wazi kwamba hata barabara anaiwaza. Mwisho wakakubaliana lionekane duka, kibao cha duka na ghorofa la kwanza, na kwamba picha ikishasafishwa ichapishwe kubwa, ukuta mzima, kila kichwa kitoke na ukubwa wa picha ya pasipoti. Hilo la pasipoti alilisisitiza. Alisema hataki mtu atoke Kibosho kuja kuitazama, halafu alazimike kunyanyua miwani.

Tukakutana Jumapili asubuhi, wenzangu wametoka misa ya kwanza, kabla mtaa haujaamka. Mama aliletwa na gari la Onesphory, Scola kiti cha nyuma akimshikilia asiyumbe. Wengine tulishuka mmoja mmoja, wajomba, mabinamu, wake zao na watoto, wote tumevaa pazia. Jua la Dar halijui Jumapili. Koti lile lilikuwa na bitana ndani, na kabla hata sijafunga vifungo nilihisi jasho linashuka mgongoni. Binamu mmoja mnene alikuwa anapumua kwa mdomo.

Sadalla alitupanga vizuri, lazima niseme hivyo. Warefu nyuma, wafupi mbele, watoto chini, mama kwenye kiti katikati. Akatufundisha tusisimame wima kama askari wa gwaride: geuza bega kidogo, uzito uwe mguu wa nyuma, kidevu chini, mikono isining'inie. Akahakikisha vichwa havikai mstari mmoja. Jacqueline, mke wa Onesphory, alikuwa na nguzo ya umeme iliyochomoza katikati ya wigi lake. Akamsogeza hatua moja, nguzo ikampata mjomba.

Kisha Onesphory akapangua. Sadalla alikuwa amepanga kwa urefu, yeye akapanga kwa maendeleo. Binamu mwenye malori, pande la mtu, akaletwa mstari wa mbele, akaziba mashangazi wawili. Binamu aliyefilisika akapelekwa nyuma ya mwenye malori. Jacqueline akawekwa kushoto kwa mama, na mimi na wenzangu tuliooa ndani ya familia tukasukumwa pembeni, kwa sababu pembeni mtu akiachika anakatwa bila kuharibu picha. Jacqueline naye ni wa kuja, kama mimi. Lakini wa kuja tunatofautiana.

Kwangu palikuwa na sababu ya ziada. Ukuta wa jirani ulikuwa umeandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: NI MARUFUKU KUKOJOA HAPA.

"Shemeji Khalfani," Onesphory akaniita kwa upole kabisa, "wewe na huo upana wako, simama hapo. Ziba."

Nikaziba. Nimesoma, nina ofisi, nina watoto wawili, na kwenye picha ya ukoo wa mke wangu kazi yangu ilikuwa hiyo.

Sadalla akatazama kwenye kamera. Akatazama tena, akaja mbele, akarudi.

"Mzee, kuna tatizo. Hayo mapazia ya kwenye vioo, nyuma yenu."

Sote tukageuka. Vioo vya duka vilikuwa vimepambwa tangu juu hadi chini kwa kitambaa kile kile, damu ya mzee, maua ya dhahabu.

"Mnapotea," Sadalla akasema. "Naona vichwa tu vinaelea. Teremsha mageti tufunike vioo, au badilisheni nguo."

"Tufunge duka kwenye picha?" Onesphory alishangaa kwa dhati. "Watu waseme tumefilisika?"

Vioo vikabaki wazi, na sisi tukabaki vichwa. Mama Mektilda, aliyekuwa hajasema lolote tangu ashuke garini, alitazama vioo, akatutazama sisi, akatabasamu upande mmoja wa mdomo, ule unaotii.

*

Scola alikuwa amesimama kuliani kwa mama, karibu yake kama alivyoahidiwa. Amesuka nywele zake upya, na gauni lake la pazia, sijui aliongea nini na fundi, lilikuwa limemkaa kuliko wote. Alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake siku nyingi. Ndipo Onesphory akaenda kwenye gari, akarudi na koti likiwa limetundikwa kwenye hanga.

"Hili ni la Bryson," akasema. "Haya Sadalla, inakuwaje?"

Sadalla akaeleza. Kumwongeza mtu mzima kwenye picha ni kazi, mwanga unakataa, kivuli kinakataa, anaonekana amebandikwa. Ila hapa wanaume wote koti moja. Akisimama mtu wa kimo chake hapo, amevaa koti hilo, yeye atabadilisha kichwa tu. Kiwiliwili kinabaki, na miguu haina shida kwa kuwa watoto wameiziba.

Onesphory akamtazama Scola. Kisha wote tukamtazama, kwa sababu kila mtu alijua Scola na Bryson wamelingana kimo tangu utoto.

"Scola, vaa hili mara moja."

"Nivae la nini, kaka?"

"Mshikie Bryson nafasi."

"Na mimi nitasimama wapi?"

"Hapo hapo. Si ulitaka kuwa karibu na mama?"

Niliyasikia maneno hayo nikiwa pale ukutani kwangu, na nikatafuta usoni mwa Onesphory dalili ya utani. Haikuwepo. Aliona amelimaliza jambo kwa wema.

"Kaka, lakini mimi sitaonekana."

"Wewe tutakupiga baadaye, nyingine. Scola, elewa. Wewe unapatikana kila siku. Bryson hapatikani."

Mashangazi wakatikisa vichwa kukubali. Hoja ilikuwa imenyooka: anayelala sakafuni kando ya kitanda cha mama kila usiku hana uadimu wowote.

"Shemeji," nikapaza sauti, "basi hilo koti nivae mimi."

"Wewe mfupi, shemeji. Halafu ukitoka hapo yale maandishi yanaonekana."

Watu wakacheka. Victoria, mke wangu, akanikata jicho la kuninyamazisha, halafu naye akainamisha uso. Scola alilipokea koti. Akalivaa juu ya gauni lake, akafunga vifungo vyote, akazikusanya nywele alizosukia siku hiyo akazisukumia nyuma ya kola.

Mama alikuwa akifuatilia kwa macho. Akasema neno moja, "Ones," lakini Onesphory alikuwa ameshageuka kumwelekeza binamu wa malori.

Likabaki tatizo la mkono. Mkono wa kulia wa mama ulikuwa hautulii pajani; kila ukiwekwa unateleza, unaning'inia, vidole vimejikunja. Onesphory akasema ufunikwe. Jacqueline akaleta skafu yake.

"Uacheni," mama akasema.

"Mama, ni kwa ajili ya picha tu."

"Uacheni."

Ukateleza tena. Scola, bila kuambiwa na mtu, akainama akaudaka, kama anavyoudaka nyumbani mara mia kwa siku, akaunyoosha vidole kimoja kimoja, akaushika kwa mikono yake miwili juu ya paja la mama.

"Hapo hapo!" Sadalla akapiga kelele. "Dada usiachie! Hiyo ndiyo picha! Wengine wote macho kwangu!"

Akapiga. Akapiga tena na tena, mtoto mmoja amefumba, mjomba anakohoa, mpaka akapata moja ambayo karibu wote tulikuwa binadamu.

"Sasa na Scola," nikasema. Nilisema kwa nguvu, sikujali.

Hapo hapo lori la mizigo likakunja kona, likaegesha mbele yetu kama lililotumwa, wachukuzi wakaanza kushusha marobota. Wamachinga nao walikuwa wameanza kutandika. Binamu mnene akavua koti akasema yeye atakufa. Watu wakatawanyika kwenye magari yenye viyoyozi.

Scola alivua koti, akalikunja vizuri, akampa kaka yake, naye akasema litunzwe kabatini kwa mama.

"Kaka, na mimi?"

"Siku nyingine, Scola. Umeona mwenyewe lori."

*

Bryson alituma kichwa chake kwa WhatsApp. Cha kwanza kilikuwa na kofia ya sufu. Cha pili kilikuwa ndani ya gari. Cha tatu ndicho Sadalla alichokitumia, kichwa cheupe kwa baridi, kimemulikwa kutoka kushoto wakati sisi wengine wote jua lilitupiga kutoka kulia. Shingo ilikuwa nene kidogo kwa kola ile, lakini ukiwa na haraka unaona familia kamili.

Onesphory aliirusha kwenye kundi, na Bryson hakukawia. Aliikata ikabaki yeye na mama tu, akaiweka mtandaoni na maneno: "Hakuna baraka kama kumshika mama mkono." Watu wakamwaga makopa. Mama mmoja ambaye hata hatumjui aliandika kwamba vijana wengi wakienda ng'ambo wanasahau wazazi, lakini wewe mwanangu Mungu akuzidishie. Bryson akamjibu amina.

Niliikuza kwenye simu yangu. Vidole vyembamba, kucha fupi, alama ya pasi mgongoni mwa kiganja cha kushoto, aliyoipata Scola akinyoosha mashuka ya mama. Nilienda Ilala jioni ile nikamkuta Scola anakoroga uji, simu ameiegemeza kwenye kopo la chumvi, picha iko wazi.

"Umeona?" nikamuuliza.

"Nimeona, shemeji. Nimeweka kopa."

Nikakaa jikoni mpaka uji ukaiva.

*

Picha kubwa ililetwa Ilala Jumapili ya bethidei yenyewe, imebebwa na watu wawili, imefunikwa pazia. Sebule ilijaa. Bryson naye alikuwepo kwa njia ya simu. Jacqueline ndiye aliyeishika, akiizungusha aone keki, aone watu, aone mama alivyopendeza. Onesphory alitoa hotuba. Alisema habari ya cherehani, akatua pale pa kutua. Halafu akavuta pazia.

Watu wakapiga vigelegele. Ilikuwa kubwa kweli, imeziba ukuta kutoka mlango hadi dirisha. Vichwa vyetu vilielea kwenye maua ya dhahabu, kila kimoja na ukubwa wa picha ya pasipoti kama alivyoagiza. Juu ya bega langu, kwa herufi nyekundu safi, palisomeka KUKOJOA HAPA. Upana wangu haukutosha.

"Mama unaionaje?" Onesphory akauliza.

Mama aliomba kiti chake kisogezwe. Scola akamsogeza. Mama akaitazama picha kwa muda mrefu, watu wakaanza kunong'ona.

"Huyu?" akanyoosha mkono wa kushoto.

"Bryson huyo, mama!"

"Alikuja lini?"

Jacqueline akamnong'oneza jirani yake kwamba mama siku hizi anachanganya. Onesphory akainama, akaongea kwa sauti ya juu kama anaongea na kiziwi.

"Hakuja, mama. Tumemweka. Kwa kompyuta."

"Mikono ya Scola."

"Ee, Scola alimshikia nafasi tu."

"Scola yuko wapi?"

"Scola si huyu hapa nyuma yako?"

"Pale." Mama alielekeza ukutani.

Nyumba ikawa kimya, na simu ikauliza kwa sauti ya Kanada, "Vipi, network imekata?"

"Tutamwongeza, mama," Onesphory akasema. "Sadalla anaweza, ni kazi ndogo. Lori ndilo lilituharibia."

"Hii ya kunizikia," mama akasema.

"Jamani mama! Ya bethidei!" Jacqueline akaruka.

"Ya kunizikia. Najua." Alipumua, akakusanya maneno. "Watu watauliza. Nani alinishika mkono. Mtasema Bryson?"

Binamu mwenye malori aliitazama keki. Victoria akaanza kulia kimyakimya, na mimi nilifurahi kwamba analia, maana pale Kariakoo aliinamisha uso tu.

"Scola. Kimkoba."

Scola akaleta kile kimkoba kidogo cha rozari kinachokaa chini ya mto wa mama. Mama akaingiza vidole vya mkono mzima, akapekua, akatoa kipande cha karatasi. Ilikuwa picha ya pasipoti ya Scola, mandhari ya bluu, moja ya zile alizopiga za kuombea kazi shule nyingine, mwezi ule ule mama alipoanguka.

"Mama, acha tu," Scola akasema. "Mimi si nipo? Mimi nipo kila siku."

"Ndiyo maana." Kisha akaniita. "Khalfani."

Nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Katika miaka yote ya ndoa yangu sijawahi kuitwa na mama mkwe mbele ya kikao cha ukoo.

"Naam, mama."

"Bandika."

Sikuuliza wapi. Kwenye meza ya dawa palikuwa na plasta ya kufungia vidonda. Nikakata vipande viwili, nikapita mbele ya Onesphory, nikabandika uso wa Scola juu ya uso wa Bryson. Ulienea sawasawa, kama uliopimwa. Pakabaki kimraba cha bluu katikati ya maua ya dhahabu, na chini yake koti, na chini ya koti mikono ambayo sasa ilikuwa na mwenyewe.

"Mama, picha ya watu hii," Onesphory akasema. "Unaiharibu."

"Si mnabadilisha vichwa? Na mimi nimebadilisha." Akamgeukia kabisa. "Kile kitabu chako pia. Kitoke hivi hivi. Na plasta."

Neno kitabu lilimfanya Onesphory akae chini. Alikuwa anadhani habari ya kijitabu cha mazishi ni siri.

Scola alikuwa ameziba mdomo. Nilidhani analia, kumbe anacheka, halafu kweli akawa analia. Mkono wa kulia wa mama ukateleza kutoka pajani, naye akauwahi, akaurudisha, akaushika kwa mikono miwili. Watu wakatazama pale walipo wao wawili, wakatazama ukutani, wakatazama tena pale.

Jacqueline alikuwa bado ameinua simu.

"Mama!" Bryson akaita kutoka humo. "Mama, mbona mimi nina kichwa cha Scola? Mimi niko wapi sasa?"

Mama akaomba simu isogezwe karibu. Akamtazama mwanawe kwa upendo, hilo nililiona wazi.

"Koti ni lako, baba," akasema. "Liko kabatini. Njoo ulichukue."